Wifi na Herufi za Gari Jeusi

Wifi yangu alikuwa na tabia moja iliyonichosha roho tangu siku aliyoolewa kwetu. Hakuweza kupita karibu na neno la Kiingereza bila kulisimamisha na kulihoji limetoka wapi, limezaliwa na nani, na kwa nini linafanana na jirani. Alifundisha Kiingereza maisha yake yote, na jioni alirudi nyumbani na masalia ya darasa mdomoni. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani. Neno kwangu ni la kusema likaisha.

Nikiwa barazani nakata kitambaa, atakuja asimame nyuma yangu na kikombe chake cha chai.

"Wifi, unajua mkasi wako huo mkubwa Waingereza wanauitaje? SHEARS. Hebu toa S ya mbele na S ya nyuma. Unabaki na nini? HEAR. Kusikia. Na ndani yake kuna EAR, sikio."

"Basi mwambie huyo sikio asikie: nina nguo ya mtu, niache nikate."

Angecheka mpaka chai imwagike, kisha aendelee kana kwamba sikusema kitu. Herufi hizo tatu, E na A na R, zilikuwa ugonjwa wake. Aliziona kila mahali. Alisema zimo ndani ya moyo, HEART, na zimo ndani ya udongo, EARTH. Na ukiichukua ile H ya mbele ya moyo ukaipeleka nyuma, moyo unageuka udongo hapo hapo, bila kuongeza wala kupunguza. Alisema zimo pia ndani ya FEAR, na kwamba zamani neno hilo halikuwa jina la woga. Lilikuwa jina la balaa lenyewe, lile linalomvamia mtu ghafla. Watu walianza kwa kukipa jina kinachokuja, na hofu ya kukingoja ikarithi jina baadaye.

"Kwa hiyo hayo maneno yako yote ni ndugu," nilimwambia siku moja, ili nimridhishe anyamaze.

"Wala! Huo ndio utamu wake. Kila moja lina ukoo wake. Wamefanana kwa kukaa mtaa mmoja muda mrefu, si kwa damu. Usimwamini mtu kwa sura, wifi, na neno vile vile."

Nilimwona mjuaji. Lakini mkono wake ulikuwa mwepesi kumsaidia kila mtu, na mama yetu alipougua, ni yeye aliyemwogesha, si mimi. Mtu wa namna hiyo unamsamehe maneno yake.

Mume wake ni kaka yangu wa kati, mchoraji wa mabango, ambaye wateja walimpa jina la Herufi na hata sisi tukalizoea. Huyo Kiingereza hakukijua kabisa. Alichora anachopewa kwenye karatasi, kwa umbo lake, kama mtu anavyochora kuku. Na ndivyo walivyokutana. Aliitwa shuleni kuandika HEAD TEACHER, yaani Mwalimu Mkuu, kwenye mlango wa ofisi. Sijui mkono uliteleza wapi, akaandika HEARD TEACHER. Mwalimu, msichana mbichi siku hizo, akatoka nje akasoma, akashika mbavu.

"Fundi, umetuandikia Mwalimu Aliyesikika!"

"Sasa ubaya wake nini?" akajibu kaka yangu juu ya ngazi. "Mwalimu asiposikika atafundisha vipi?"

Kicheko hicho kilizaa ndoa. Mungu hakuwajalia mtoto, lakini nyumba yao haikuwahi kuwa kimya. Yeye alimfundisha mumewe maneno aliyokuwa akiyachora, na kaka yangu alimfundisha kuandika herufi kwa mtindo wake: miguu minene na mkia mdogo kila inapoishia. Hata orodha ya sokoni Mwalimu aliiandika kwa herufi hizo za bango.

Kisha kiharusi kikamwangusha mlangoni mwa bafu.

Alirudishwa kutoka hospitali akiwa amelala chali, na akabaki chali. Upande wa kulia ulikuwa umekufa na ulimi haukutoa hata mguno. Macho yalikuwa wazi, lakini ukiyatazama hayakukutazama. Daktari alimpigia makofi karibu na kichwa, akamwita kwa sauti, akamchoma unyayo kwa kitu chenye ncha. Halafu akatuambia, kwa upole wa mtu mwenye foleni mlangoni, kwamba hasikii. Mwili unapumua, alisema, lakini mwenyewe hayupo.

Tulimweka chumba cha mbele, ambacho dirisha lake linatazama uani. Kitanda kilisukumwa hadi ukutani upande wake wa kushoto, ukuta wa chokaa nyeupe. Dirisha lilikuwa mbele ya miguu yake. Juu ya kichwa, kwenye kona, palikuwa na msumari ambao mchana tulining'iniza chandarua kilichofungwa fundo, kikaanguka ukutani karibu na mto. Mimi nilihamishia cherehani yangu mle ndani, ili nishone huku namgeuza asipate vidonda.

Na watu wakaanza kuja kumtazama. Hapo ndipo nilipoijua dunia. Mara ya kwanza mgeni huingia kwa kunyata na kumsalimia mgonjwa kwa sauti ya huruma. Mara ya pili hamsalimii. Mara ya tatu anakaa ukingoni mwa kitanda, anamwegemea miguu kama anaegemea gunia, na kusema yake. Nimesikia katika chumba kile siri za ndoa za watu. Walimu wenzake walikuja wakagombania nani atapewa darasa lake. Mama mmoja wa jirani alisema, huku anakunywa uji niliompikia mgonjwa, kwamba afadhali angekwenda tu wakapumzika wote. Nikamnyang'anya bakuli. Lakini hata mimi, siku zinavyokwenda, nilimzoea wifi kama mtu anavyozoea kabati.

Kaka yangu peke yake hakukubali. Kila alipotoka kazini alikaa karibu naye akamsimulia mabango aliyochora. Akimaliza, alimwuliza, "Umesikia, Mwalimu?" na kungoja. Alingoja muda mrefu sana, ameinamisha kichwa, mpaka mimi nikatoka nje kwa sababu nywele zilinisimama. Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba ilionekana kuna mtu anataka kusema.

Kaka Mkubwa hakuvumilia hali hiyo. Huyo ndiye aliyetulea baba alipofariki, na neno lake halirudishwi. Alikuja siku moja pamoja na Mzee Msumari, seremala wa majeneza wa barabara ya pili, wakasimama wawili miguuni pa kitanda. Herufi alikuwepo. Mimi nilikuwa nyuma ya cherehani na pini mdomoni.

"Tumalize jambo hili," alisema Kaka Mkubwa. "Daktari amesema huyu hayupo. Wewe huli, hulali, kazi unaacha nusu. Kwao wapo, dada zake wapo, watamtunza mpaka Mungu achukue chake. Mzee Msumari amenunua gari la kubebea maiti, na anapitia njia ya kwao. Hakuna gari lingine hapa la kumlaza mtu akanyooka. Atapelekwa kwa hilo."

"Kwenye gari la maiti, kaka? Mtu mzima anayepumua?"

"Litatandikwa vizuri," Mzee Msumari alisema, akitazama kofia yake.

"Na wewe," Kaka Mkubwa akaendelea, sasa kwa sauti laini, maana anatupenda, hilo sitamnyima, "bado una nguvu. Huwezi kuzeekea kwenye kiti kando ya kitanda. Tutakutafutia jiko lingine."

Alisema hivyo juu ya mwili wa wifi yangu, mkono wake umeshika chuma cha kitanda. Nilizitema pini zote.

"Kaka, una moyo wa kusema hilo hapa?"

"Hapa kuna nani wa kusikia? Wewe mtoto, shona."

Herufi alisimama. Sijawahi kumwona akimpinga mkubwa wake, na hata siku hiyo hakumpinga sawasawa, aliomba. Alisema mkewe anasikia. Alisema akipata ushahidi, je, atabaki? Kaka Mkubwa akashusha pumzi.

"Nionyeshe kwamba anasikia, hata kwa kope moja, na hatoki nyumba hii mpaka afe. Nakuapia. Lakini sitangoja milele. Gari linahitaji maandishi ubavuni, na mchoraji ni wewe. Siku utakayomaliza neno, tunaondoka."

Basi gari lilikuja likaegeshwa uani, jeusi, ubavu wake umeelekea dirisha la mgonjwa. Kaka yangu akachanganya rangi nyeupe na kuanza kuandika HEARSE, gari la maiti, kwa mwendo ambao hata konokono angemcheka. Herufi moja ilipigwa msingi, ikaachwa ikauke, ikafutwa kwa sababu mguu umepinda, ikapigwa tena. Wapita njia walisimama getini kumsaidia kusoma. Mmoja alisema anaandika Heri na amekosea herufi, na akamshauri afute A. Mwingine akamwambia, heri ya nini kwenye gari la maiti, labda heri yao wao waliopumzika. Walicheka. Mimi niliwatazama kutoka dirishani na sikuona cha kuchekesha.

Kwa sababu neno lile lilikuwa na ubaya wake. Lilipofika HE, nililiona nikiwa namlisha mgonjwa, na Kiingereza changu kidogo kikanitosha: yeye. Yeye nani? Lilipofika HEAR, likawa amri: sikia. Limesimama pale mbele ya macho ya mtu ambaye hasikii, na macho yake wazi yanalitazama kutwa. Nilifunga pazia. Kesho yake nikalifungua, maana kushona gizani siwezi.

"Kaka," nilimwuliza Herufi nilipompelekea maji, "hivi hilo neno limetoka wapi?"

Alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Mwalimu aliniambia zamani. Asili yake chombo cha shamba, fremu yenye meno ya kuchana udongo. Watu wa kale sana walikiita kwa jina la mbwa mwitu, kwa sababu ya meno. Baadaye fremu ya namna hiyo ikawekwa juu ya jeneza kanisani, kwenye kila jino mshumaa. Mwishowe jina likahamia kwenye gari." Akachovya brashi. "Na wanafunzi wake wakirudia igizo, kile wanachokiita REHEARSE, ni neno hilo hilo. Kupitisha meno mara ya pili kwenye udongo ule ule. Haya mawili ni ndugu kweli, alisema. Hayo ya kusikia hayamo, ni sura tu."

Nilirudi ndani na meno hayo kichwani. Nikakaa kwenye cherehani. Na nilipoacha kukanyaga ili nibadilishe uzi, nikasikia kitu kinachana.

Sauti ndogo, kavu. Krr. Kimya. Krr. Nilidhani panya. Nikainama chini ya kitanda na fagio: hakuna kitu. Nilipoinuka sauti ilikoma. Ilikuwa mchana kweupe, jua limejaa chumbani, watoto wa jirani wanapiga kelele, na mimi nilisimama na fagio kama mwizi. Wifi alikuwa vile vile, macho kwenye dirisha.

Jioni nilimnawisha. Mkono wa kulia ulikuwa safi. Wa kushoto, ule wa ukutani, chini ya kucha ya kidole cha shahada palikuwa na unga mweupe. Nikaunusa. Chokaa.

Nilikivuta kitanda kidogo, nikainama kutazama ukuta kwa pembeni, mahali ambapo mwanga ulikuwa ukipita kwa ubavu. Kati ya chandarua kilichoning'inia na nyonga yake palikuwa na mikwaruzo. Si mikwaruzo ya panya. Ilikuwa na miguu minene, iliyopitiwa tena na tena, na mkia mdogo mwishoni. E. A. R.

Sikio.

Nilipiga kelele iliyomfanya kaka yangu aingie na brashi mkononi. Alipiga magoti mbele ya ukuta, akaweka kidole kwenye herufi moja moja. Alilia kwa sauti, mtu mzima yule, amelaza paji la uso kwenye mkono wa mkewe. "Umesikia, Mwalimu," alisema, safari hii bila kuuliza. Mimi nilikuwa na furaha, ndiyo, lakini chini yake kulikuwa na baridi. Tangu lini? Kidole kile kimekuwa kikichana nyuma ya mgongo wangu siku ngapi, huku mimi naimba na kuongea peke yangu?

Kaka Mkubwa alikuwa safarini kikazi. Tukampelekea habari, akajibu atakuja akirudi. Wakati tukimngoja, Herufi alitoka nje na moyo mpya akaongeza S. Akaacha hapo. Hakugusa gari tena. Likasimama uani limeandikwa HEARS, na kila aliyejua Kiingereza kidogo alipita getini akapunguza mwendo: husikia. Mzee Msumari alikuja kuuliza kulikoni, akasoma, akasema atarudi siku nyingine. Nadhani hata yeye, aliyezoea maiti, hakupenda kuendesha gari la aina hiyo.

Nami niliendelea kusikia kidole. Krr. Krr. Sikutazama tena. Nilijiambia namwachia faragha yake. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kuna kuogopa mfu na kuna kuogopa aliye hai, na hili la pili halina dua niijuayo.

Kaka Mkubwa alifika asubuhi, na viatu vya safari. Herufi alimshika mkono kama mtoto akamleta ukutani. "Soma, kaka. Ameandika sikio. Anakuambia anasikia."

Kaka Mkubwa aliinama. Alivaa miwani, akasoma polepole, midomo ikichezacheza. Kisha akaivua.

"Hapa hapakuandikwa sikio," alisema. "Soma wewe."

Tukainama wote wawili. Herufi zilikuwa zimeongezeka. Baada ya R palikuwa na T, na baada ya T palikuwa na H. EARTH.

Udongo.

Nilimtazama wifi usoni. Nilitaka kukasirika naye, nimtikise. Sisi tunapigania abaki, yeye anaomba kuzikwa!

"Kama ni mkono wa bahati tu, basi hakuna kitu," Kaka Mkubwa alisema. "Na kama ni yeye kweli, basi amesema mwenyewe. Anataka udongo. Udongo wa kwao. Nani kati yetu atamnyima? Ndugu yangu, maliza lile neno."

Ningependa kusema kaka yangu alibisha. Hakubisha. Alitoka nje taratibu, akachanganya rangi, akaandika E ya mwisho kwa mara moja bila kufuta, nzuri kuliko zote. Alipomaliza alikaa chini kivulini mwa gurudumu, mgongo kwa dirisha. Nilikwenda kumwita chakula, akaniambia, "Dada, siku zote yeye ndiye aliyenisomea. Sasa ameniandikia, nami nimesoma." Nililia jikoni, na vitunguu havikuhusika.

Kesho yake ilikuwa siku ya safari. Mzee Msumari alifungua milango ya nyuma, akatandika godoro mahali pa jeneza, na akaweka mto mpya, ili tusiseme hana utu. Mimi nilimvisha wifi gauni nililomshonea mwenyewe, la kufungua kwa mbele. Nilipomvalisha mkono wa kushoto, kidole kilikuwa kimekunjika, kucha imekatika hadi kwenye nyama. Kilikuwa na damu. Nikajiuliza, mtu anayetaka kwenda ana haraka gani ya kusema namna hii? Lakini wakubwa wameshaamua, nikafunga vifungo.

"Chandarua kiende naye," alisema Kaka Mkubwa. "Kwao mbu ni wengi." Akanyoosha mkono akakivuta kutoka kwenye msumari wa kona, fundo na vumbi lake, akanirushia. Kisha akapitisha mikono chini ya magoti ya mgonjwa, na Herufi akapitisha yake chini ya mabega. Wakamwinua.

Herufi alikuwa ameelekea ukuta. Nilimwona amesita.

"Kaka, mshushe."

"Nini tena?"

"Mshushe. Kuna herufi nyingine."

Pale chandarua kilipokuwa kimening'inia, karibu na mto, ukuta ulikuwa na alama iliyopitiwa mara nyingi kuliko zote, imezama mpaka udongo wa tofali ukaonekana. Miguu miwili minene, na ubao katikati. Alianzia hapo, chini ya kile kitambaa, mahali ambapo mkono wake uliweza kufika kwanza. Hakuna aliyewahi kukisogeza mchana.

"H," alisema kaka yangu. Akalaza mabega ya mkewe kwenye mto, akapeleka kidole kutoka hapo, akapita juu ya sikio, akapita juu ya udongo, mpaka mwisho. "H mbele. Tulisoma neno lisilo na kichwa. Ni HEARTH. Niliwahi kuliandika kwenye mkahawa, alinifundisha mwenyewe."

"Ndiyo nini?"

"Jiko."

Mkasi wangu ulianguka sakafuni na hakuna aliyegeuka. Katika chumba kile, tangu wifi alipolazwa, wageni walisema ya kila namna, lakini neno hilo lilitamkwa mara moja tu, miguuni pa kitanda, na aliyelitamka alikuwa bado amemshika magoti. Kaka Mkubwa alimrudisha kitandani taratibu sana, kama mtu anayeshusha kitu kinachoweza kulipuka. Jasho lilimtoka puani. Muda wote wa ugonjwa alikuwa akisema huyu, au mgonjwa, au mwili. Sasa aliinama hadi usawa wa uso wake.

"Shemeji," alisema. "Shemeji, siku ile ulinisikia?"

Uso wa wifi haukubadilika. Macho yalikuwa yale yale. Lakini mkono wa kushoto ulijikokota juu ya shuka, ukakuta mkono wa Kaka Mkubwa pale ulipokuwa, ukaufungua. Kucha ile iliyokatika ikaanza kutembea kwenye kiganja chake, nzito, inarudia kila mstari. Kaka Mkubwa hakuthubutu kuuvuta mkono. Alitazama juu, kwa kaka yangu, na macho ya mtoto anayeulizwa darasani.

"Sema unavyohisi," Herufi alimwambia. "Moja moja."

"Y," alisema Kaka Mkubwa. Tukangoja. "Hii duara. O." Nje Mzee Msumari alipiga honi, akaita akiuliza kama mgonjwa yuko tayari. "T," alisema Kaka Mkubwa, na sauti ikamkatika kwa sababu alikuwa ameshaelewa, na mimi pia nilikuwa nimeelewa, na nilikuwa naanza kukumbuka, siku kwa siku, kila kilichosemwa na kila mtu ndani ya chumba kile.

"E," alisema.